Hadithi za kale za Wajapani: nani walizifikisha kwa Kiingereza, na walizifanya nini njiani?

#1 Mkwezi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nyuzi za katuni za Kijapani humu ni nyingi, na za mazimwi yao pia zipo. Ila sijaona anayeuliza hizo hadithi zenyewe zilitufikiaje. Wengi wetu hatusomi Kijapani. Tunazisoma kwa Kiingereza, tena mara nyingi kwenye vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki imekwisha na vinazagaa mtandaoni bure. Ukivifuatilia nyuma, karibu vyote vinaishia kwa watu wachache sana walioandika kati ya mwaka 1871 na 1904: mwanadiplomasia mmoja wa Kiingereza, mchapishaji mmoja wa Tokyo, binti mmoja wa baba Mjapani na mama Mwingereza, na mwandishi mmoja mwenye jicho moja aliyekuwa akisimuliwa na mkewe usiku.

Hoja yangu ni hii tu: ukisoma hadithi ya Kijapani bila kujua ni yupi kati ya hao anayekusimulia, nusu yake imekupita.

Nianze na hadithi yenyewe, maana najua hapa hamtaki nadharia kavu. Inaitwa Kachi-kachi Yama.

Palikuwa na mzee na mkewe wakilima mlimani. Kila mzee akipanda, tanuki anakuja kufukua mbegu na kumkejeli juu yake. (Tanuki ni mnyama wa misitu ya kule, jamii ya mbwa, mnene, ana weusi kuzunguka macho. Kwenye hadithi ni laghai anayejua kujigeuza.) Mzee akamtega, akamnasa, akamfunga miguu na kumning'iniza darini. Akamwambia mkewe: leo usiku supu. Akarudi shamba.

Bibi yuko kwenye kinu anatwanga. Tanuki akaanza kubembeleza. Bibi umechoka, nifungue nikupokee mchi, sikimbii popote. Bibi akaingiwa na huruma. Kamba zilipolegea tu, tanuki akautwaa mchi akampiga nao bibi hadi akafa. Halafu akajigeuza akawa bibi, akampika bibi, na mzee aliporudi na njaa yake akatengewa bakuli. Akala akashiba. Tanuki akarudi kwenye umbo lake, akamwambia aliyemla ni mkewe na mifupa iko chini ya sakafu, akaruka nje akicheka.

Sungura, rafiki wa wale wazee, akamkuta mzee analia. Akaapa kulipiza.

Kwanza akampeleka tanuki kukata kuni. Wakati wa kurudi tanuki yuko mbele na mzigo mgongoni, sungura nyuma anagonga mawe ya kuwashia moto: kachi, kachi. Tanuki akauliza mlio gani ule. Sungura akajibu, huu ndio mlima Kachi-kachi, hulia hivyo. Mgongo ukashika moto. Siku ya pili sungura akaja kumpaka dawa ya kuungua. Ilikuwa pilipili. Alipopona, wakaenda kuvua, sungura kwenye mtumbwi wa mbao, tanuki kwenye mtumbwi wa udongo. Mnaelewa udongo ukikutana na maji. Tanuki alipoanza kuzama na kuomba msaada, sungura akammalizia kwa kasia.

Sasa nendeni duka la vitabu Japani leo mkanunue kitabu cha picha cha hadithi hii. Kwenye matoleo mengi ya watoto bibi hafi, anaumizwa tu, na supu haipo kabisa. Kwenye mengine tanuki anaomba radhi na wanasameheana. Lakini Mwingereza wa mwaka 1871 aliisoma na supu yake nzima. Kwa nini? Nakuja.

#2 Pweza Mkavu

Nimetandika mkeka. Supu ya bibi kwa kweli sikuitegemea.

#3 Kobe Hachoki

Huyo sungura mbona namfahamu. Ni yule yule wetu wa kumtapeli fisi. Tofauti ni kwamba wetu hana rafiki yeyote, anajifanyia yake. Huyu wa Japani kama askari wa kukodi.

#4 Mkwezi

Kobe umeona jambo zuri. Sungura wa Kachi-kachi ni mlipa kisasi, halafu ni katili kuliko wetu. Anamtibu mtu kwa pilipili!

Tuendelee. Mwanadiplomasia ni A. B. Mitford. Alifika Japani mwaka 1866 kwenye ubalozi wa Uingereza, wakati utawala wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi, unaporomoka. Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa wageni walioshuhudia kwa macho samurai akitekeleza hukumu ya kujipasua tumbo. Kitabu chake cha mwaka 1871 kiligawanyika hivyo hivyo: ndani kuna kisa cha wale ronin 47 (samurai waliobaki bila bwana) waliolipiza kifo cha bwana wao, kuna maelezo ya kujipasua tumbo, halafu katikati kuna hadithi chache za watoto. Hizo za watoto alizitoa kwenye vijitabu vya picha vya bei rahisi, vilivyochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochakaa hadi maandishi yanasomeka kwa shida.

Ndiyo maana supu imebaki. Mitford hakuwa anaandikia watoto wa Kiingereza. Alikuwa anawaonyesha watu wazima wa London Wajapani ni watu gani, na hakuwa na sababu ya kumficha bibi. Shomoro aliyekatwa ulimi yumo, Momotaro yumo, tanuki yumo.

Cha kuchekesha, mwaka mmoja tu kabla yake, 1870, Edward Steere alichapisha London hadithi za Waswahili alizosimuliwa Unguja. Yaani sisi na Wajapani tumeingia kwenye rafu za Waingereza bega kwa bega. Nitairudia hiyo.

Wa pili ni Hasegawa Takejirō, na huyu mimi namheshimu kuliko wote kwa akili ya biashara. Alianza mwaka 1885 kutoa hadithi kwa Kiingereza, moja moja, kwenye vitabu vidogo vya picha za rangi. Karatasi ya Kijapani ilichapwa kwa vibao, kisha ikakandamizwa na kukunjwa mara nyingi mpaka ikasinyaa na kuwa laini kama kitambaa cha krepu. Ukishika unadhani umeshika leso. Kwa tafsiri aliwatumia wageni waliokuwa wanaishi Japani: wamisionari, maprofesa, wake zao. Cha kwanza kabisa, Momotaro, kilifasiriwa na mmisionari wa Kimarekani David Thompson. Basil Hall Chamberlain, aliyekuwa ameshafasiri Kojiki, kile kitabu cha mwaka 712 chenye habari za miungu, naye akamwandikia kadhaa. Watalii walivinunua kama zawadi za kupeleka nyumbani, na baadaye vikatolewa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kireno.

Kwa hiyo kuna jambo watu hawalitazami. Hadithi "za kale" zilizosambaa Ulaya zilichaguliwa na mfanyabiashara wa Tokyo aliyejua mgeni atanunua nini.

#5 Msomi Mzururaji

Mleta uzi, umemtaja Momotaro ukampita. Huyo ana makubwa. Mtoto aliyetoka ndani ya pichi inayoelea mtoni, akalelewa na wazee wasio na mtoto, akakua, akabeba vitumbua vya mtama, akawapata mbwa, nyani na kwale kwa kuwahonga vitumbua, wakavuka kwenda kisiwa cha mazimwi, wakayapiga, wakarudi na hazina. Kila Mjapani anaijua.

Kuna matoleo ya enzi za Edo, yaani wakati wa mashogun, ambamo hakuna mtoto ndani ya tunda. Bibi na babu wanakula pichi, wanarudi kuwa vijana, halafu yanayofuata mnayajua, mtoto anazaliwa kwa njia ya kawaida. Hili halikufaa kwenye vitabu vya shule vya enzi ya Meiji, iliyofuata baada ya shogun kuanguka, kwa hiyo mtoto akahamishiwa ndani ya tunda moja kwa moja.

Na kuna Wajapani waliompinga Momotaro zamani sana. Fukuzawa Yukichi, yule mwanafikra ambaye sura yake ilikuwa kwenye noti ya yeni 10,000 hadi mwaka 2024, aliwaandikia wanawe masomo ya nyumbani mwaka 1871. Akawaambia Momotaro ni mwizi. Hazina ilikuwa ya mazimwi. Kama yalikuwa yanaonea watu, kuyaadhibu ni sawa, ila kubeba mali zao na kumpelekea babu na bibi ni tamaa tu.

#6 Mkwezi

Msomi asante, hapo umenisaidia kazi. Niongeze tu kwamba alichokihofia Fukuzawa kilikuja kutimia. Mwaka 1945 jeshi la majini la Japani lilikuwa limegharamia filamu ya katuni ya Momotaro, ya kwanza ndefu katika historia ya nchi hiyo, dakika 74. Wanyama ni wanajeshi, wanaruka na miamvuli, na mazimwi ya kisiwani ni wazungu. Hadithi hiyo hiyo waliyopelekewa Waingereza kwenye karatasi laini mwaka 1885.

#7 Pweza Mkavu

Fukuzawa alikuwa mzazi mgumu. Unamsimulia mtoto hadithi alale, wewe unamsomea mashtaka.

#8 Shangazi wa Tanga

Jamani nisaidieni. Nilisoma ya Kijapani kwa Kiingereza, ya mfalme wa baharini aliyeuguliwa na mkewe, dawa ikawa ini la nyani, wakamtuma kiwavi wa baharini au nini sijui, akamdanganye nyani. Nikasema ala! Si ndiyo ile ya kima na papa tuliyosimuliwa sisi? Nani kamwibia nani?

#9 Mkwezi

Shangazi, umenipeleka pale hasa nilipotaka kufika.

Kwa wasioijua ya Kijapani. Malkia wa Mfalme Joka wa baharini anaumwa, tiba yake ini la nyani mbichi. Anatumwa kurage, yule kiumbe laini wa baharini tunayemkuta ameachwa na maji ufukweni kama uji. Lakini zamani hizo, hadithi inasema, kurage alikuwa na mifupa, miguu na gamba. Akamkuta nyani, akamsifia kasri ya baharini, akambeba mgongoni. Katikati ya safari kurage, mpumbavu, akamuuliza nyani kama amekuja na ini lake. Nyani hakutetereka. Akasema pole sana rafiki, ini ni zito, huwa nalitundika mtini nikitoka, ungeniambia mapema. Turudi nikalichukue. Walipofika nchi kavu, nyani akapanda juu ya mti akaanza kumcheka. Kurage alirudi mikono mitupu, mfalme akaamuru apigwe mpaka mifupa yote itoke. Ndiyo maana yuko vile hadi leo. Chamberlain aliiandika kwa ajili ya Hasegawa mwaka 1887.

Na yetu, kama ilivyo kwa Steere 1870: kima anakaa kwenye mkuyu uliotanda nusu juu ya bahari, kila siku anamtupia rafiki yake papa matunda. Papa anamwalika kwao, njiani anamwambia ukweli: sultani wetu mgonjwa, dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Wanarudi, kima anapanda, papa anasubiri chini.

Hakuna aliyemwibia mwenzake. Zote mbili zimetoka India. Kwenye Jataka, zile hadithi za maisha ya awali ya Buddha, kuna mamba na nyani na moyo ulioachwa mtini. Kwenye Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa hadithi za wanyama wa huko India, ipo pia. Kutoka hapo hadithi ikashika njia mbili. Moja ilielekea mashariki pamoja na maandiko ya Kibudha, ikapita China, ikatua Japani. Kwenye Konjaku, ule mkusanyiko mkubwa wa hadithi zaidi ya 1,000 wa mwanzoni mwa karne ya 12, imo: kobe wa majini mwenye mke mjamzito anayeumwa, na dawa ni ini la nyani. Na imewekwa waziwazi kwenye sehemu ya hadithi za India, hakuna aliyejifanya ni ya Kijapani. Baadaye watu wakaisahau asili, kurage akaingia, ikawa yao.

Njia ya pili ilielekea magharibi. Panchatantra ikaingia Kiajemi karne ya 6, na karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitoa kwa Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Waarabu wakaisambaza kila walikofika.

Mnajuaje kwamba yetu ilipita huko? Angalieni papa anapomsihi kima ashuke. Kima anamjibu: unanifanya mimi punda wa dobi? Kisha anamsimulia kisa cha punda aliyeshawishiwa kurudi kwa simba mara ya pili, akauawa, na mjanja aliyemleta akala moyo na masikio kisiri. Simba alipouliza viko wapi, akaambiwa punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi. Kisa hicho ndani ya kisa kimo kwenye Panchatantra mahali hapo hapo, na kwenye Kalila wa Dimna mahali hapo hapo. Kwa Wajapani hakimo. Wao wamebaki na mifupa ya kurage.

Kwa hiyo Mjapani na Mzanzibari wanasimulia hadithi moja na kila mmoja anaapa ni ya bibi yake. Na Waingereza walizipata zote mbili ndani ya miaka 20, kila moja ikiwa na lebo ya nchi yake.

#10 Kobe Hachoki

Hii nondo. Nimesoma mara mbili. Punda wa dobi nilikuwa naichukulia hadithi peke yake, kumbe ni jibu la kima.

#11 Ndege Mjanja

Mkuu unaandika vizuri ila una mapenzi na hao wazungu. Mimi nilianza na kitabu cha Yei Theodora Ozaki, ambacho kiko bure kila mahali. Baadaye nikasoma utangulizi wake, mwenyewe anasema ameongeza rangi pale alipoona inafaa au ilipompendeza, na mara moja mbili amechomeka tukio kutoka toleo lingine. Sasa hizo ni hadithi za Wajapani au zake? Bora watu waambiwe wasome wataalamu tu.

#12 Mkwezi

Ndege, Ozaki si mzungu kamili wala Mjapani kamili, na hilo ndilo linalomfanya awe muhimu. Baba yake, Ozaki Saburō, alikwenda kusoma Uingereza akaoa huko. Binti alikulia Uingereza, akaenda Japani akiwa kijana, akafundisha na kuandika. Kitabu chake cha 1903 hakikutoka kwenye midomo ya wanakijiji. Alifuata sana matoleo ya Iwaya Sazanami, mwandishi wa watoto aliyezichapisha upya hadithi hizi kwa Kijapani kwenye miaka ya 1890. Yaani Ozaki anasimulia upya kilichokwisha kusimuliwa upya.

Lakini amesema! Amekuambia ukurasa wa kwanza kabisa kwamba ameongeza. Hao wengine wangapi wamekuambia? Na isitoshe, hakumficha bibi wa Kachi-kachi. Supu ipo. Kwangu msimulizi anayetangaza alichofanya ni bora kuliko anayejifanya dirisha.

(Kando: baada ya hapo aliolewa na meya wa Tokyo aliyeitwa pia Ozaki, Ozaki Yukio, bila undugu. Inasemekana walifahamiana kwa sababu posta ilikuwa inachanganya barua zao. Huyo meya ndiye aliyewapelekea Wamarekani ile miti ya maua ya Washington mwaka 1912.)

#13 Ndege Mjanja

Hoja ya kutangaza naikubali. Ya "kusimulia upya kilichosimuliwa upya" bado inanikera. Urashima kwa mfano. Kwa Ozaki ni kijana mwema aliyemwokoa kobe kwa watoto waliokuwa wanamtesa, akazawadiwa safari ya kasri ya baharini, na wakati wa kurudi akapewa sanduku alilokatazwa kufungua. Kwenye Nihon Shoki, kitabu cha historia cha mwaka 720, habari yake imewekwa chini ya mwaka 478, na hakuna watoto, hakuna wema. Mtu mmoja anavua, anapata kobe mkubwa, kobe anageuka mwanamke, anampenda, wanakwenda naye nchi ya wasiokufa. Basi. Hiyo ni hadithi ya mapenzi na bahari. Wameifanya ya maadili ya shule.

#14 Mkwezi

Hapo sina ubishi na wewe. Sanduku alilokatazwa kufungua lina nguvu zaidi pale ambapo hakufanya lolote la kustahili zawadi wala adhabu. Anarudi kwao kumbe karne tatu zimepita, analifungua, anazeeka kwa dakika moja, na hakuna wa kumlaumu. Ukitia kobe aliyeokolewa, msomaji anaanza kuuliza "sasa wema wake umemsaidia nini", swali ambalo hadithi ya zamani haikuwa nalo.

Twende kwa yule wa mwisho sasa, maana huyo ndiye niliyefungulia uzi.

Lafcadio Hearn. Kazaliwa 1850 kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, mama Mgiriki, baba daktari wa jeshi kutoka Ireland. Wote wawili wakamwacha, akalelewa Dublin na jamaa. Akiwa na miaka 16 alipoteza jicho la kushoto shuleni. Akatupwa Marekani, akawa mwandishi wa habari Cincinnati, kisha New Orleans, kisha akakaa Martinique. Mwaka 1890 akafika Japani, na Chamberlain akasaidia apate kazi ya kufundisha Kiingereza mji mdogo wa Matsue. Huko akamwoa Koizumi Setsu, binti wa familia ya samurai iliyofilisika baada ya mfumo wa zamani kuvunjwa. Mwaka 1896 akachukua uraia wa Japani na jina la Koizumi Yakumo.

Kitabu chake mashuhuri cha mizimu, Kwaidan, kilitoka 1904, na mwaka huo huo akafa. Kila mtu anamjua Hearn. Setsu wanamtaja kwenye tanbihi.

Na hapa ndipo penyewe. Hearn hakuweza kusoma vitabu vya zamani vya Kijapani. Setsu ndiye aliyekuwa akizunguka maduka ya vitabu vya mitumba kutafuta visa vya mizimu. Usiku anashusha utambi wa taa, anamsimulia mumewe. Kwenye kumbukumbu alizotoa baada ya kifo cha mumewe, Setsu anaeleza kwamba Hearn alimkataza kusoma kutoka kitabuni. Alitaka maneno ya Setsu mwenyewe na mawazo yake mwenyewe. Kwa hiyo Setsu ilibidi asome, ameze, halafu asimulie kwa mdomo wake, kwa ile lugha ya vipande vipande waliyokuwa wakielewana wao wawili tu nyumbani. Hearn akisisimka alibadilika rangi usoni, akauliza: alisemaje hasa? Sauti yake ilikuwaje? Nje kulikuwa na upepo?

Soma Hoichi ukiwa na picha hiyo. Hoichi ni kipofu, mpiga biwa (ala ya nyuzi), anaishi hekaluni Akamagaseki, ambako leo ni Shimonoseki. Ng'ambo yake ni Dan-no-ura, bahari ambamo mwaka 1185 ukoo wa Taira uliangamia pamoja na mfalme wao mtoto, Antoku. Hoichi anajua kuimba vita ile kuliko mtu yeyote. Usiku anaitwa na sauti ya samurai, anapelekwa kwenye jumba la watu wakubwa, anaimba, wanalia. Kumbe ameketi makaburini, kwenye mvua, mbele ya kaburi la Antoku. Kasisi akigundua, anamwandika mwili mzima maneno matakatifu ili mzimu usimwone. Usiku mzimu unakuja, hauoni mtu, unaona masikio mawili yananing'inia hewani, maana hayo yalisahaulika. Unayang'oa uyapeleke kama ushahidi.

Kisa kimo kwenye kitabu cha Kijapani cha mwaka 1782, na ni kifupi. Alichokiongeza Hearn ni sauti: nyayo, vyuma vya silaha, mlango, ukimya. Hadithi nzima inasikika, kwa sababu Hoichi haoni. Setsu anasimulia kwamba siku walizokuwa wakiifanyia kazi, jioni mumewe hakuwasha taa. Setsu akiwa chumba cha pili akaita kwa sauti ya chini, Hoichi, Hoichi. Kutoka gizani Hearn akajibu: mimi ni kipofu, wewe ni nani?

Wanandoa wanachezea mizimu gizani. Nani mwandishi hapo?

#15 Shangazi wa Tanga

Mama ndiye mwandishi! Baba katibu.

#16 Msomi Mzururaji

Shangazi tumpe na Hearn haki yake, Kiingereza kile si cha kila katibu. Lakini nakubali jina la Setsu lingekaa kwenye jalada. Mwaka 2025 NHK, shirika la utangazaji la Japani, walianza kurusha tamthilia ya asubuhi iliyojengwa juu ya maisha ya Setsu, kwa hiyo angalau Wajapani wamestuka.

Kuna mfano mwingine wa namna hiyo ndani ya Japani kwenyewe. Yanagita Kunio, baba wa elimu ya mapokeo kule, kitabu chake cha visa vya eneo la Tono cha mwaka 1910, visa 119, nakala 350 tu za kwanza. Vyote alisimuliwa na kijana mmoja wa Tono, Sasaki Kizen. Yanagita aliandika kwa Kijapani cha kifasihi, kikavu na kizuri mno. Kule kuna zashiki-warashi, mtoto wa mzimu anayekaa kwenye nyumba za watu, na akihama nyumba inafilisika. Kuna kappa, mazimwi ya mtoni, ambao sehemu nyingine ni wa kijani, Tono wana nyuso nyekundu. Kiingereza kamili kilipatikana mwaka 1975 kwa mkono wa Ronald Morse. Yanagita angalau alimtaja Sasaki kwenye mstari wa kwanza wa utangulizi.

#17 Pweza Mkavu

Mimi mvivu. Nianze na nini?

#18 Mkwezi

Pweza, kama unataka kusisimka tu, anza na Kwaidan. Soma Hoichi na Yuki-onna usiku mmoja, zingine zingoje. Yuki-onna ni mwanamke wa theluji anayemwacha hai kijana kwa sharti asimwambie mtu, halafu anakuja kuwa mkewe na kumzalia watoto kumi. Utakisia anamwambia nani. Hearn anasema ilitoka kwa mkulima wa Musashi, mkoa wa zamani, si kitabuni.

Kama una watoto, Ozaki, lugha yake nyepesi, ila pitia wewe kwanza. Mitford kwa ajili ya ronin. Vya Hasegawa vitafute vilivyopigwa picha na maktaba, usisome maandishi peke yake, picha ndizo mali. Ukishanogewa ndipo uende kwa Royall Tyler, aliyekusanya visa 220 vya zamani mwaka 1987, vingi kutoka Konjaku. Huko utakutana na watawa walafi, mbweha na mashetani wasio na adabu, na hakuna aliyeviandaa kwa ajili ya watalii.

#19 Shangazi wa Tanga

Na ile ya korongo aliyejigeuza mke, akawa anafuma kitambaa kwa manyoya yake mwenyewe? Nimeitafuta kwa Ozaki sijaiona.

#20 Mkwezi

Hutaiona Shangazi. Haimo kwa Ozaki, haimo kwa Mitford, wala kwenye mfululizo wa kwanza wa Hasegawa. Leo ukimuuliza Mjapani hadithi tano za utotoni, hiyo itakuwemo, lakini umaarufu huo mkubwa ulikuja baada ya vita, hasa tangu tamthilia ya Kinoshita Junji ya mwaka 1949. Ya mzee aliyewavika kofia jizo, zile sanamu za mawe, kwenye theluji ya mkesha wa mwaka mpya, nayo huikuti kwa hao wa zamani. Zilikuwa vijijini zikisimuliwa, ila hakuna aliyezipeleka dukani kwa Hasegawa.

Hizo mbili tutafute matoleo yaliyotoka baada ya wakusanyaji wa Kijapani kama Seki Keigo kuanza kuzunguka mikoani na kuandika nani kasimulia, kijiji gani. Kitabu chake kwa Kiingereza kilitoka 1963. Mwenye nakala yake humu aniandikie pembeni, nataka kulinganisha ya korongo na zile zetu za mke aliyetoka baharini.

#21 Ndege Mjanja

Ninayo. Nakuandikia. Ila nikikupa, uzi wa hizo za mke wa baharini unaufungua wewe, na safari hii unaanza na wasimulizi, si na supu.